Ua Kwenye Uso wa Gongo

Harufu ya mvule unaopigwa randa ni kali. Hupanda puani na kuwasha, na mgeni asiyeizoea hupiga chafya kabla hajatoa salamu. Sisi tuliozaliwa juu ya karakana ya baba, mtaani Kibokoni, hatukupiga chafya. Unga wa mbao ulipanda ngazi pamoja nasi, ukalala juu ya mashuka, ukaingia hata ndani ya mtungi wa maji ikiwa mama alisahau kuufunika, na mama hakuwa msahaulifu. Baba yangu, Fundi Shee, alikuwa mchonga milango. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru waliotaka milango ya nakshi walikuwa wamepungua. Watu walianza kupenda mlango mwepesi, uliopakwa rangi, usiohitaji vijana wanne kuubeba. Baba akawa anatengeneza masanduku, vitanda na viti, lakini mkono wake haukukubali kuzoea. Ukimpa ubao wa kukatia nyama akutengenezee, ulirudi una ua pembeni. Mama alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi iliyochongwa vizuri mno hata majirani waliona haya kuiazima. Wazee wa barazani walimtania kwa kumwambia nyumba njema si mlango, naye aliwajibu kwamba hiyo ni methali ya watu waliokosa pesa za mlango.

Mbele ya karakana kulikuwa na kichochoro, na kichochoro hicho kilikuwa uwanja wetu. Tulicheza mpira baada ya Alasiri, jua lilipokuwa limehamia juu ya mapaa na kutuachia kivuli. Mpira wenyewe ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na kufungwa kwa uzi wa katani, nasi tuliutungia sheria ambazo hazikuandikwa popote. Mpira ukipanda barazani wakati wazee wamekaa, umetoka; ukipanda barazani na hakuna mtu, mchezo unaendelea. Akipita mama amebeba sinia, wote tunasimama. Likipita jeneza, tunauacha mpira chini na kulifuata hatua kadhaa, hata kama tulikuwa tunakaribia kufunga bao. Na mpira ukigonga mlango wa nakshi, timu iliyougonga inanyang'anywa, kwa sababu mlango ule ulichongwa na baba na baba alikuwa na masikio. Mimi niliwekwa golini. Miguu yangu ilikuwa mizito, ila mikono yangu ilidaka chochote kilichorushwa, iwe mpira, limau au kiatu cha mama. Ngoma ya watoto haikeshi. Adhana ya Magharibi ilipolia, mshindi alikuwa mshindi na aliyeonewa alikwenda kulalamika kwao.

Tuliyeshirikiana naye ukuta alikuwa Yusuf. Baba yake, Bwana Ismail, alikuwa na duka la vitambaa, na watu wao walitoka Gujarati zamani, enzi za babu wa babu. Mimi nilimwita baba yake chacha, kama wao walivyowaita ami zao, na yeye akamwita baba yangu ami, kama sisi. Siku za kazi Yusuf alicheza nasi mpira wa soksi, tena alikuwa mkorofi kuliko wote. Jumapili hatukumwona. Jumapili maduka yao yalifungwa, nao walivaa nguo nyeupe pe, wakapakia vyakula na magongo, wakaelekea upande wa Kizingo ambako kulikuwa na kiwanja cha majani. Huko walicheza kriketi kutwa nzima.

Nilikwenda naye mara moja kutazama, nikarudi nimechoka kama niliyelimishwa. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi. Mwingine anaupiga kwa gongo ili usiangushe vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Akiupeleka mbali, anakimbia na kurudi, na kila akikimbia anahesabiwa alama. Wengine wote wamesimama kwenye majani wakingoja mpira uje wadake. Hiyo ndiyo kriketi, na wenye kuijua wanisamehe. Nilipowasimulia wazee barazani, mmoja aliuliza kama wanaosimama wanalipwa.

Basi ukazuka mjadala uliodumu siku nyingi, maana baraza yetu ilikuwa ikipata neno hailiachi mpaka liishe utamu. Kwa nini Wahindi wapende kriketi na sisi tupende mpira, ilhali wote tulitawaliwa na Mwingereza yule yule? Wengine walisema ni swala: mchezo wa kutwa hauwezekani kwa Mwislamu, kwa sababu siku yake imekatwa vipande kwa adhana, na mpira unaingia sawasawa kwenye kipande cha baina ya Alasiri na Magharibi. Nilipomweleza Yusuf hoja hiyo alicheka, akasema Pakistani kumejaa Waislamu na kumejaa kriketi. Wengine wakasema ni vichochoro. Yusuf akasema vichochoro vya huko walikotoka wazee wake ni vyembamba kuliko chetu. Alikuwepo pia Bwana Wafula, mtu wa bara, Mkristo, karani wa reli, ambaye alikuja kungoja sanduku lake limalizike akawa anakuja hata baada ya sanduku kumalizika. Yeye alisema kwamba kule kwao mpira uliletwa shuleni na walimu wa misheni, ukatupwa katikati ya watoto, wakaambiwa chezeni. Ule mwingine wazungu waliucheza wenyewe nyuma ya ua wa michongoma. "Mpira tulipewa," alisema. "Kriketi tulionyeshwa." Wazee waliipenda sana kauli hiyo, wakaidhani imemaliza mjadala, mpaka siku Bwana Ismail alipopita akaitwa kutoa ushahidi. Alikataa kahawa kwa adabu, kisha akaikubali, akasema wao pia hawakupewa. Babu zao walichungulia juu ya ua vile vile, wakarudi nyumbani wakachonga ubao wa sanduku la chai. Baba, aliyekuwa ndani akipiga randa, alisimamisha mkono aliposikia habari ya kuchonga.

Kaskazi ya mwaka ule wa mjadala ndiyo ninayoikumbuka, miezi ya joto ambayo hata ukuta wa matumbawe ulitoa jasho. Binamu yake Yusuf aliyekuwa akicheza nao alisafiri kwenda Uingereza, na timu yao ya vijana ikapungukiwa mtu. Yusuf alikuja mbio kuniita. Alisema hawanitaki kwa kupiga wala kwa kurusha. Wananitaka kwa mikono yangu tu. Nilikwenda. Mpira wa ngozi haukuwa soksi: siku ya kwanza viganja vilivimba, na mama alinikandia kwa maji ya moto na chumvi huku akiuliza ni mchezo gani huo usio na huruma. Lakini nilidaka. Nilidaka mpira uliokuwa unanijia kutoka kwenye jua, nisiouona mpaka umefika, na watu wazima waliovaa nyeupe waliniita jina langu. Sikuwahi kuitwa jina na watu wazima wengi kiasi kile isipokuwa nimekosea. Kichochoroni wenzangu walinisema. Mmoja alinipachika jina la Badi Bhai, kunifanya Mhindi, na mzee mmoja wa barazani alinikumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa. Mimi nilijibu kwamba mila ya soksi haina hata miaka mitano. Nilipigwa kofi dogo, la kustahili.

Kilichonikereketa kilikuwa gongo. Kila mwenzangu alikuwa na lake, alilipaka mafuta ya kitani na kulilaza chini ya kitanda kama kitoto, na mimi zamu yangu ya kupiga ilipofika nilikuwa wa kuazima. Nilitaka langu. Nilimwambia mama, mama akamwambia baba wakati wa chakula, na baba alichovya tonge, akatafuna, akasema mti upo. Siku ya pili aliazima gongo la Yusuf alipime. Alilinyanyua kwa mkono mmoja na kulinusa. Alibonyeza ukucha kwenye mti wake mweupe, ukucha ukaingia, akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema mti kama ule hata kuwekea vyombo angeona aibu. Akachagua kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango wa mwisho aliouchonga, kikavu, cha rangi ya asali. Kwa siku kadhaa alikifanyia kazi akiwa ameufunga mlango wa karakana, jambo ambalo hakulifanya hata kwa milango ya matajiri.

Aliponiita chini kulitazama, nilishuka mbio. Gongo lilikuwa limenyooka na kung'aa. Mpini wake ulikaa mkononi vizuri, kwa sababu alipima kiganja changu nilipokuwa nimelala. Na usoni, ule uso mpana unaokutana na mpira, baba alikuwa amechonga ua la mduara, petali ndani ya petali, na pembeni mwake mnyororo mwembamba unaozunguka, ule ule wa kwenye milango, ambao wazee walisema huzuia shari isiingie. Gongo la Yusuf lilikuwa tupu, hilo nilikuwa nalijua. Lakini nilidhani utupu ule ni wa vitu vya dukani, kama viti vya dukani vilivyokuwa vitupu, na kwamba mwenye baba fundi ana haki ya kupata zaidi. Baba naye hakuwa na shaka. Nakshi haiwekwi nyuma ya mlango, inawekwa mbele, upande anaotokea mgeni.

"Nakshi huelekea kwa mgeni," aliniambia. "Na mgeni wa hili ni mpira. Yuwaja mbio, basi na aone."

Jumapili iliyofuata tulikuwa na mechi na vijana wa timu nyingine ya Wahindi, na baba alisema atakuja. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa sindano, akafuatana na Bwana Wafula na wazee wawili, nao walikaa kivulini pembeni ya uwanja wametandika mkeka. Gongo langu lilipita mkono kwa mkono. Wachezaji wa timu yetu walilisifu kweli, walipitisha vidole juu ya petali, mmoja akauliza kama baba angeweza kumchongea kama hilo. Nilimwona baba akitazama pembeni ili asionekane anatabasamu. Zamu yangu ya kupiga ilipofika, niliingia uwanjani nimelikumbatia.

Nahodha wa timu ya pili aliinua mkono. Alikuwa kijana mrefu, mpole, wala sikumbuki akisema neno baya. Alimwonyesha mwamuzi uso wa gongo, basi. Na mwamuzi siku ile alikuwa Bwana Ismail. Alilitazama gongo kwa muda mrefu. Nyumba yake ilikuwa na mlango uliochongwa na baba. Alikuwa akiingia na kutoka kupitia mnyororo ule ule kila siku. Alilichukua gongo mikononi mwangu, akavuka uwanja, hakwenda kwa nahodha wala kwa timu, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka. Sote tulimfuata.

"Fundi Shee, niwie radhi," alisema. "Sheria ya mchezo huu yataka uso wa gongo uwe laini."

"Kwa nini?"

"Ili mpira uende kule mpigaji anakoupeleka. Juu ya ua hili utakwenda utakako wenyewe."

Baba alilifikiria jambo hilo, nami namshukuru Mungu kwamba alilifikiria kweli, hakukimbilia kuudhika. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama na mlango wake aliutaka laini. Bwana Ismail akajibu kwamba mlango wake haupigwi na mpira. Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, akanyamaza haraka. Masikio ya baba yalikuwa yamewiva. Yusuf akanyoosha gongo lake kwangu, na hapo ndipo kila mtu akanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nikilishika la Yusuf, nimemwacha baba amekaa na ua lake mbele ya watu. Nisipolishika, nimeiacha timu pungufu, na baba angejua kwamba ni yeye aliyenizuia. Mikono yangu, iliyokuwa ikidaka kila kitu, ilining'inia tu.

"Lishike la mwenzio, mwanangu," baba alisema. "Hukuja kuonyesha mbao. Umekuja kucheza."

Nilicheza. Nilipiga mmoja ukaenda mbali, nikakimbia, na wazee wa mkekani wakashangilia wakati usiofaa. Kisha vijiti vyangu vikaanguka, nikatoka. Nilitamani waondoke, niende zangu nikalie mahali, lakini baba hakuondoka. Ulipofika wakati wa Alasiri baba na wale wazee wawili walisali pale pale pembeni, wachezaji Waislamu wa timu zote mbili wakajipanga nao, kisha mchezo ukaendelea na baba akakaa tena, gongo limelala mapajani mwake limefunikwa na kitambaa cha bega. Alikaa mpaka mwisho wa mchezo asioujua.

Tulirudi kwa miguu, mimi, yeye na Yusuf. Tulipokaribia mji baba akamuuliza Yusuf kama na huko India magongo ni matupu. Yusuf akasema ndiyo, ami. Na kwa Waingereza? Pia, ami. Baba akasema basi, tangu mchezo huu uzaliwe, hakuna mtu aliyetia chake. Yusuf alisita. Mbele ya wakubwa alikuwa mtoto wa adabu na hakupenda kumpinga mkubwa, lakini kriketi alikuwa anaipenda kuliko adabu. Alieleza kwamba wapo watu wa kwao wanaorusha mpira kwa kuuzungusha na kifundo cha mkono, ukigusa chini unapinda, na Mwingereza aliyeuleta mchezo anabaki ameduwaa.

"Wametia mkononi, ami," alisema. "Gongo wameliacha."

Siku ya tatu nilishuka karakanani baada ya chuo cha Kurani nikakuta maranda sakafuni. Maranda ya mvule ni ya kawaida, niliyakanyaga tangu nijue kutembea. Haya yalikuwa membamba na yamekatikakatika, na nilipoinama nikaona ukingo wa petali kwenye moja, na kwenye jingine pete ya mnyororo. Baba alikuwa ameliondoa ua lake. Nilikaa chini pale pale nikalia, mimi niliyekuwa nataka gongo laini, niliyekuwa nikiomba kwa siku mbili awe na wazo hilo mwenyewe nisilazimike kumwambia. Sikuwahi kumwona akiirudia kazi yake kwa kuifuta. Hata mteja aliyekataa kulipa alipewa mlango wake kama ulivyo. Baba aliniona, akaniacha nilie kidogo, kisha akaligeuza gongo. Mgongoni, upande usiokutana na kitu, ua lilikuwa limeanza upya. Lilikuwa dogo kuliko la kwanza, na zuri zaidi.

"Sheria yao imetaja uso," alisema. "Mgongo haikuutaja."

Nilidhani mambo yameisha vizuri. Ukweli ni kwamba gongo la mvule lilikuwa zito kupita kiasi, na mpira ulipoligusa ulianguka chini kama uliochoka safari. Mti ule mweupe, ambao baba aliuonea huruma, ulikuwa na sababu yake ya kuwa mwepesi. Kwenye kiwanja cha Kizingo nililitumia mara mbili tu. Lakini kichochoroni, kwa mpira wa soksi, lilikuwa sawa kabisa. Wenzangu walioniita Badi Bhai walikuja mmoja mmoja kutaka kulishika. Tukaegemeza debe la mafuta ya taa ukutani likawa vijiti vyetu. Yusuf akawa mwalimu, na kwa majuma kadhaa kichochoro cha Kibokoni kilicheza kriketi. Kipya kinyemi, walisema wazee, ingawa kidonda. Lakini mchezo ulianza kuota sheria zetu. Ukigonga mlango wa nakshi, umetoka. Ukipeleka mpira barazani na mzee akaudaka, umetoka na mzee anapewa zamu, na nilimwona kwa macho yangu mzee aliyenipiga kofi akipiga soksi kwa gongo la baba huku kofia yake imeanguka. Jeneza likipita, gongo linalazwa chini, ua juu. Ninaamini kwamba mchezo ule ungekaa. Siwezi kuthibitisha, lakini niliuona ukishika.

Halafu Bwana Ismail akaanza kuuza vitambaa kwa bei ya kutupa. Wakati ule watu wengi wenye asili ya India walikuwa hawajui wasimame wapi. Wengine walichukua uraia, wengine walichelewa au walikataliwa, na minong'ono barabarani haikuwa mizuri. Akufukuzaye hakwambii toka. Baba alikwenda kumsihi abaki, nami nikamsikia Bwana Ismail akisema kwamba mlango wake ndio anaousikitikia, kwa sababu hauingii kwenye sanduku. Nilimuuliza baba kama ninaweza kumpa Yusuf gongo. Alijibu kwamba mchezo unaondoka na wenyewe, gongo libaki kufanya nini. Yusuf alilipokea mlangoni, akaligeuza, akalishika upande wa ua kifuani mwake. Tulikuwa wakubwa mno kulia na wadogo mno kusema la maana, basi tukapeana mkono kama wazee. Siku ya pili yake, baada ya Alasiri, debe lilirudi jikoni na soksi ikarudi miguuni. Hakuna aliyesema tuache kriketi. Hapakuwa na wa kutuita tuicheze.

Sasa mimi ni mzee wa barazani, na barazani kwetu kuna televisheni. Vijana wa Kibokoni wanavaa fulana za timu za Uingereza, wanazilia zikifungwa, wanawajua wachezaji wake kuliko ninavyowajua wajukuu zangu. Tuk-tuk zinapita mahali tulipoweka debe. Milango ya baba imebaki michache, na watalii huipiga picha bila kubisha hodi. Nimeisikia ile hoja ya zamani ikirudi kwa maneno mapya: kwamba kriketi ni ghali, kwamba ni ndefu, kwamba si damu yetu. Naisikiliza. Nadhani Bwana Wafula alisema kweli na Bwana Ismail pia alisema kweli, na bado kuna kitu walikiacha. Mchezo hukaa mahali watu wanapopata pa kutia ua lao, na wakapewa muda wa kulimaliza. Wengine walipata karne nzima, sisi tulipata kaskazi moja.

Mwaka jana alikuja kijana kutoka Uingereza, Imran, mjukuu wa Yusuf. Yusuf hasafiri tena, miguu imegoma, lakini alimpa kijana jina langu na mzigo mrefu uliofungwa kwa taulo. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, ila alisalimia vizuri, na harufu ilipotoka kwenye taulo nilijua kabla sijaona. Alisema nyumbani kwao gongo hilo hutundikwa sebuleni, ua likitazama watu, na babu yake hamruhusu mtu kulipaka varnishi. Yeye mwenyewe anacheza kriketi, tena vizuri, huko kwa wenye mchezo. Watoto walikuwa kichochoroni na mpira wao wa plastiki, ambao bado wanaucheza kwa sheria zetu za zamani. Walitukusanyikia, na mmoja wao, mdogo, aliomba alishike hilo kasia. Nikampa. Alirudi nyuma mpaka kwenye ukuta pale pale debe lilipokuwa, akalinyanyua kwa mikono miwili, na bila kufundishwa na mtu akaligeuza: ua mbele, laini nyuma.

Imran, aliyeshika mpira, alicheka kwa upole akapiga hatua kwenda kumrekebisha. Nilimshika mkono.

"Mwache," nilimwambia. "Hapa kwetu ndivyo linavyoshikwa."

Akarudi, akaurusha mpira taratibu. Ukalikuta ua la baba, ukaenda ulikotaka wenyewe, ukagonga mlango wa nakshi, na watoto wote wakapiga kelele kwa pamoja kwamba ametoka.